Kubernetes: rasilimali inakubaliwa na API lakini hakuna kinachotokea. Aina zilizojengwa ndani zinafanyaje kazi?

SWALI

Wakuu, habari za kazi.

Nimejiunga na timu inayoendesha programu zake kwenye Kubernetes (mfumo wa kuendesha kontena kwenye kundi la mashine, yaani klasta), na nimekabidhiwa nemspesi (vigawanyo vya klasta) za majaribio. Ili nijue klasta inaelewa vitu gani, niliendesha `kubectl api-resources`. Ikatoka orodha ndefu: pods, services, endpointslices, leases, podtemplates, controllerrevisions, replicationcontrollers, tokenreviews na nyingine nyingi. Baadhi nazitumia kila siku, baadhi sijawahi kumsikia mtu akizitaja.

Ila kinachonisumbua zaidi ni hiki. Niliandika NetworkPolicy ya kuzuia trafiki yote inayoingia kwenye nemspesi moja. podSelector iko tupu, policyTypes ina Ingress (yaani trafiki inayoingia) peke yake. Nilipoituma nikajibiwa:

```
networkpolicy.networking.k8s.io/zuia-yote created
```

Nikaingia kwenye podi (kontena moja au zaidi zinazoendeshwa pamoja) ya nemspesi nyingine, nikapiga curl kwenye Service (anwani moja ya kufikia podi) iliyo ndani ya nemspesi iliyozuiwa. Ikajibu kama kawaida. `kubectl describe` haionyeshi kosa lolote, na nikilinganisha YAML yangu na mfano wa nyaraka rasmi hazitofautiani.

Kwenye klasta hiyohiyo kuna rasilimali ya aina ya Ingress (ya kuelekeza trafiki ya HTTP kutoka nje hadi kwenye Service) ambayo safu yake ya ADDRESS haijawahi kujaa. Na nikiendesha `kubectl get all`, hiyo NetworkPolicy na hiyo Ingress hazionekani kabisa, wala ConfigMap, wala Secret.

Naomba mnieleweshe: aina hizi zinazokuja na Kubernetes yenyewe zimepangwaje, na nitajuaje ipi inafanya kazi kweli kwenye klasta yangu na ipi imekaa tu? Kama aina imejengwa ndani, si ingetakiwa ifanye kazi bila mimi kuongeza kitu?

JIBU LA KWANZA

Mkuu, usijisumbue na orodha yote. Shika Pod, Deployment, Service, ConfigMap, Secret, Job na PersistentVolumeClaim. Hizo zitakubeba muda mrefu. Nyingine utazikuta ukizihitaji.

Kuhusu `get all`: hiyo "all" ni kikundi cha aina chache zilizochaguliwa, hasa zile za kuendesha kazi: podi, Service, Deployment, ReplicaSet, StatefulSet, DaemonSet, Job, CronJob, HPA (HorizontalPodAutoscaler). Ukitaka kuona kila kitu kilichomo kwenye nemspesi, tumia hii:

```
kubectl api-resources --verbs=list --namespaced -o name \
  | xargs -n 1 kubectl get --show-kind --ignore-not-found -n majaribio
```

Inachukua muda, lakini haifichi kitu.

JIBU LA PILI

Nakubaliana na mkuu hapo juu kuhusu `get all`. Hilo la kushika majina machache nalikubali nusu, kwa sababu mtu anaweza kuyajua majina yote saba na bado akakwama palepale alipokwama muuliza swali.

NetworkPolicy yako na Ingress yako zina tatizo moja. Nitalieleza kwa urefu kidogo, maana ukilielewa hili orodha yote ya `api-resources` inasomeka.

Seva ya API haizuii trafiki. Haiwashi kontena, haitengi diski, haifungui bandari. Inapokea maandishi yako, inahakikisha wewe ni nani na una ruhusa gani, inapima kama yanafuata umbo la aina husika, halafu inayaandika kwenye etcd, hifadhidata ya klasta. Yakishaandikwa unajibiwa "created". Hapo una rekodi, basi. Rekodi hiyo inaanza kuwa na athari pale tu programu nyingine inapoitazama na kuifanyia kazi. Programu hizo ndizo tunaziita kontrola, na hakuna hata moja inayogusa etcd moja kwa moja. Zote zinapita kwa seva ya API, zinasikiliza mabadiliko, zinachukua hatua, kisha zinaandika matokeo.

Tazama Deployment kwa karibu. Unatuma Deployment ya nakala tatu. Ndani ya kube-controller-manager (programu inayobeba kontrola zinazokuja na Kubernetes) kuna kontrola ya Deployment. Inaiona, na kitu pekee inachofanya ni kuandika rekodi nyingine: ReplicaSet, yenye lebo ya pod-template-hash. Haiumbi podi hata moja. Kontrola ya ReplicaSet, ambayo ni nyingine, inaiona ReplicaSet hiyo, inahesabu podi zenye lebo zinazolingana, inapata sifuri, inaandika podi tatu. Podi hizo bado ni maandishi. Sehemu ya nodeName iko tupu. kube-scheduler inaziona zisizo na nodi (mashine ya klasta), inachagua nodi, inaijaza. Kubelet (wakala wa kuendesha podi) ya nodi iliyochaguliwa inaona kuna podi imeandikiwa jina lake, ndipo inaiambia containerd au CRI-O iwashe kontena. Podi ikiwa tayari, kontrola ya EndpointSlice inaandika IP yake kwenye orodha ya Service, na kube-proxy kwenye kila nodi inabadilisha kanuni za mtandao.

Hakuna aliyemwamuru mwenzake katika mlolongo huo. Kila mmoja alisoma rekodi ya aina anayoijua, akaandika nyingine. Ndiyo maana nikikutana na aina yoyote ya rasilimali, mpya au ya zamani, naiuliza swali moja: nani anaisoma, na msomaji huyo yupo kwenye klasta hii?

Kwa Deployment, ReplicaSet, StatefulSet, DaemonSet, Job na CronJob, msomaji anakuja na Kubernetes yenyewe. Ukiwa na klasta nzima unaye. Kwa NetworkPolicy hayupo. Umbo la aina hiyo limo ndani ya seva ya API, lakini utekelezaji umeachiwa plagini ya mtandao uliyosakinisha. Calico na Cilium zinazisoma NetworkPolicy na kuzitekeleza. Flannel katika usakinishaji wake wa kawaida inaunganisha podi tu, haizuii. Nyaraka rasmi zinasema wazi kwamba NetworkPolicy bila kontrola ya kuitekeleza haina athari yoyote. Mimi naliona hili kuwa jambo la hatari, kwa sababu rekodi ya ulinzi isiyolinda ni mbaya kuliko kutokuwa nayo. Watu wanalala wakiamini mlango umefungwa. Nakusihi, kila ukiandika NetworkPolicy ijaribu kwa curl kama ulivyofanya. Huo ndio uthibitisho pekee, kwa sababu NetworkPolicy haina hata sehemu ya status ambamo msomaji angeandika kwamba ameiona.

Ingress ni vilevile. Hadi leo kube-controller-manager haina kontrola ya Ingress. Lazima usakinishe moja, na IngressClass iitaje. ADDRESS tupu maana yake, mara nyingi sana, hakuna aliyeichukua.

Service ya aina ya LoadBalancer iko katikati. Sehemu ya ClusterIP na NodePort (bandari 30000 hadi 32767) inashughulikiwa na vitu vya ndani, kwa hiyo inafanya kazi. Mashine ya kugawa mzigo iliyo nje inaletwa na kontrola ya mtoa huduma wa wingu. Kama klasta iko kwenye seva zako mwenyewe na hujaweka kitu kama MetalLB, EXTERNAL-IP itabaki `<pending>` milele. HorizontalPodAutoscaler (HPA, inayobadilisha idadi ya nakala kulingana na mzigo) nayo: kontrola yake ipo ndani, inazunguka kila sekunde 15, lakini vipimo vya CPU na kumbukumbu inavipata kutoka metrics-server, ambayo ni nyongeza. Bila hiyo utaona `<unknown>` kwenye safu ya TARGETS. Na hata ukiwa nayo, kama podi zako hazijatangaza kiasi cha CPU zinachoomba, asilimia haiwezi kupigwa, maana hakuna cha kugawanyia.

PersistentVolumeClaim (dai la diski) ikikaa Pending, usikimbilie kulaumu. Tazama StorageClass kwanza: ikiwa ina WaitForFirstConsumer, inasubiri kwa makusudi mpaka podi inayoihitaji ipangiwe nodi, ili diski isitengwe eneo tofauti na podi.

Halafu kuna aina ambazo msomaji wake ni seva ya API yenyewe, mlangoni, kabla ya kuandika. ResourceQuota na LimitRange ni za kundi hili, na Role pamoja na ndugu zake za RBAC (mfumo wa ruhusa) pia. Hizi hazihitaji kusubiri mzunguko wa kontrola. Ombi linakubaliwa au linakataliwa papo hapo. Lakini quota haigusi podi zilizokuwapo kabla yake.

Na zipo ambazo hazihifadhiwi kabisa. TokenReview uliyoiona kwenye orodha, na SubjectAccessReview, ni maswali yaliyovalishwa umbo la rasilimali: unatuma, unajibiwa ndani ya jibu lilelile, hakuna rekodi inayobaki. Ndiyo maana safu ya vitendo vyake, ukiweka `-o wide`, ina create peke yake. `kubectl auth can-i` inatumia mlango huo huo.

Hizo ControllerRevision na PodTemplate usizihangaikie. ControllerRevision ni kumbukumbu ambayo StatefulSet na DaemonSet zinajiwekea ili ziweze kurudi toleo la nyuma. Lease zilizo kwenye kube-node-lease ni mapigo ya moyo ya nodi. Kubelet inaihuisha ya kwake kila sekunde 10. ReplicationController ni ya enzi za mwanzo, kabla ya ReplicaSet. Ipo bado kwa sababu iko kwenye v1, na sera ya mradi hairuhusu kuondoa API iliyokomaa ndani ya toleo kuu lilelile.

Kuhusu mpangilio wa makundi: aina za mwanzo kabisa (Pod, Service, ConfigMap, Secret, Node, Namespace) ziko kwenye kundi lisilo na jina, njia yake ni `/api/v1`. Zilizofuata zina makundi yenye majina chini ya `/apis`: apps, batch, policy, networking.k8s.io na kadhalika. Angalia na safu ya NAMESPACED. PersistentVolume na StorageClass ni za klasta nzima, PersistentVolumeClaim ni ya nemspesi. Ukifuta nemspesi unafuta madai hayo ya diski, na kama reclaimPolicy ni Delete, diski yenyewe inaondoka nayo.

Toleo nalo lina uzito. Aina ileile inaweza kuhama kundi. Deployment ilikuwa kwenye extensions/v1beta1, na Kubernetes 1.16 ya mwaka 2019 iliondoa njia hiyo. Ingress ya v1beta1 iliondolewa 1.22. CronJob na PodDisruptionBudget za v1beta1 ziliondolewa 1.25, na toleo hilohilo la mwaka 2022 likaiondoa PodSecurityPolicy bila kuacha aina nyingine yenye umbo kama lake. Ukikuta YAML ya zamani mtandaoni, mstari wa kwanza kuusoma ni apiVersion.

Anza na haya mawili:

```
kubectl get pods -A -o wide
kubectl get ingressclass
```

La kwanza litakuonyesha plagini gani ya mtandao inaendeshwa (tafuta kube-system, au nemspesi yenye jina la plagini). La pili likirudi tupu, umepata jibu la Ingress yako.

MUULIZA SWALI

Shukrani sana mkuu. Ni Flannel, na `ingressclass` imerudi tupu. Yote mawili yamejieleza. Nimepeleka ombi la kubadilisha plagini, na wakati tukisubiri nimeandika kwenye maelezo ya nemspesi kwamba NetworkPolicy hazitekelezwi, ili mwingine asizitegemee.

Kwa kutumia hilo swali lako la nani anasoma, nimekwama kwenye lingine. Deployment hii, ambayo msomaji wake najua yupo:

```
NAME      READY   UP-TO-DATE   AVAILABLE   AGE
malipo    0/3     0            0           22m
```

`kubectl get pods` haina podi hata moja. Sio Pending, sio CrashLoopBackOff. Hakuna kabisa. Na `kubectl apply` haikulalamika. Nyingine kwenye nemspesi hiyo zinaendelea vizuri.

JIBU LA PILI, TENA

Kama hakuna podi hata ya Pending, usipoteze muda na kubelet wala kube-scheduler, mlolongo haujawafikia. Umekatika kati ya ReplicaSet na podi. Endesha:

```
kubectl describe rs -n majaribio -l app=malipo
```

Soma Events chini kabisa. Ninavyotarajia utakuta FailedCreate, na maneno ama "exceeded quota" ama "failed quota ... must specify". Kama ni hivyo, hii ndiyo hadithi yake: mtu ameweka ResourceQuota ya CPU na kumbukumbu kwenye nemspesi. Quota ya namna hiyo ikishakuwapo, podi yoyote mpya isiyotaja requests au limits zinazohesabiwa inakataliwa mlangoni. Wewe hukukataliwa kwa sababu wewe hukutuma podi. Ulituma Deployment, na Deployment haihesabiwi CPU. Aliyetuma podi ni kontrola ya ReplicaSet, akakataliwa yeye, na malalamiko yake ameyaandika kwenye ReplicaSet yake. Ndiyo maana ukiangalia juu kwenye Deployment unaona sifuri bila maelezo ya kutosha. Zilizokuwa zinaendelea kabla ya quota hazikuguswa.

Dawa ni kutaja resources kwenye Deployment, au kuweka LimitRange yenye viwango vya msingi ili podi zisizotaja zijaziwe.

Kwa jumla, kitu kikikwama, shuka ngazi moja moja kwa ownerReferences (sehemu inayotaja rekodi mama): Deployment, ReplicaSet, podi. Na usichelewe. Event ni rasilimali kama nyingine, lakini seva ya API kwa kawaida inaitunza kwa saa moja tu. Ukija kesho yake kuuliza jana usiku kulikuwa na nini, utakuta ukurasa mweupe, isipokuwa kama mnazisafirisha kwingine.

Kuna sehemu mbili nyingine ninazozitegemea sana. `metadata.generation` inaongezeka kila unapobadilisha spec, `status.observedGeneration` inaandikwa na kontrola kusema nimeona hadi hapa. Zikitofautiana kwa muda mrefu, msomaji amechelewa au hayupo. Na ukitaka kujua nani aliandika nini:

```
kubectl get deploy malipo -n majaribio -o yaml --show-managed-fields
```

Utaona kila sehemu na mwandishi wake. Kwenye klasta ambako watu, Helm na mifumo ya kusambaza programu wote wanaandika rekodi moja, hapo ndipo ugomvi unapoonekana. Mfano wa kawaida: HPA inabadilisha replicas kuwa nane, halafu mfumo wa usambazaji unairudisha mbili kila unaposawazisha, kwa sababu YAML yenu bado inataja replicas. Ukitumia HPA, ondoa replicas kwenye YAML.

JIBU LA TATU

Naomba niongezee kwenye RBAC, maana ndiyo sehemu ninayoishughulikia mimi.

Kwanza, Role haihakiki kwamba aina uliyoitaja ipo. Ukiandika resources: ["deployment"] badala ya "deployments", itapokelewa bila neno. Vilevile ukiacha apiGroups ikiwa "" huku unataka ruhusa ya deployments, hutapata kitu, kwa sababu deployments ziko kwenye apps. Jina linalotakiwa ni lile la njia ya API, kwa wingi na herufi ndogo, si lile la kind.

Pili, vijirasilimali. Kuwa na get kwenye pods hakukupi logi, inatakiwa pods/log. Kuingia ndani ya podi ni pods/exec, kubadilisha idadi ya nakala ni deployments/scale. Nawashauri muwe wakali zaidi na pods/exec kuliko na vingine.

Tatu, Secret. Yaliyomo yamewekwa base64 tu (uandishi ambao yeyote anaweza kuugeuza), na kwenye etcd hayafichwi mpaka mtu aweke usanidi wa usimbaji kwenye seva ya API. Ruhusa ya list kwenye secrets inatosha kusoma yaliyomo, hata bila get. Na mtu mwenye ruhusa ya kuumba podi kwenye nemspesi anaweza kuifunga Secret yoyote ya nemspesi hiyo ndani ya podi yake na kuisoma. Kwa hiyo mpaka halisi wa siri zenu ni nemspesi. Msiweke siri za timu mbili zisizoaminiana pamoja mkitegemea Role zitawatenganisha.

Pia PodDisruptionBudget (kikomo cha podi zinazoweza kuondolewa kwa wakati mmoja): inaheshimiwa na wanaopita njia ya eviction, kama `kubectl drain`. Anayefuta podi moja kwa moja haizuii. Ukitoa ruhusa ya delete kwenye pods, umetoa ruhusa ya kuiruka.

MUULIZA SWALI

Ilikuwa quota kweli, "must specify". Nimetaja resources, podi tatu zimesimama. Na ya mkuu wa RBAC nimeikopi yote, tuna Role yenye "deployment" bila s.

La mwisho kabla sijawachosha. Kuna nemspesi moja ya zamani nimeifuta, imekwama Terminating tangu wiki iliyopita. Mtandaoni wanashauri kufuta finalizers kwa nguvu. Nifanye?

JIBU LA PILI, TENA

Usifanye bado. Finalizer ni jina la msomaji lililoandikwa kwenye rekodi: "msinifute mpaka huyu amalize usafi wake". Kwa hiyo uliza lile swali letu: huyo msomaji bado yupo?

```
kubectl get ns jina -o yaml
```

Soma status.conditions. Ukiona NamespaceDeletionDiscoveryFailure ni True, nemspesi haina kosa. Kuna API ya nyongeza iliyosajiliwa kwenye klasta lakini seva yake haijibu, na kontrola ya nemspesi inakataa kuendelea kwa sababu haiwezi kuorodhesha aina zote zilizomo. Endesha `kubectl get apiservice` utafute yenye False kwenye AVAILABLE. Mara nyingi ni metrics-server iliyoanguka, au kitu kilichosakinuliwa nusu. Irekebishe, au uifute hiyo APIService kama haitumiki, na nemspesi itajifuta yenyewe.

Ukiona NamespaceFinalizersRemaining, ujumbe wake utakutajia finalizer gani zimebaki, na NamespaceContentRemaining itakutajia ni za aina gani ya rasilimali. Mara nyingi ni aina iliyoongezwa kwa CRD (njia ya kuongeza aina isiyokuja na Kubernetes) na operator wake, yaani kontrola yake, amesakinuliwa kabla ya rekodi zake. Kama unaweza kumrudisha operator kwa muda, mrudishe, mwache asafishe, kisha mtoe kwa mpangilio sahihi: rekodi kwanza, yeye baadaye.

Kufuta finalizer kwa mkono ni kwa pale tu ambapo umekwenda mwenyewe kuangalia kile alichopaswa kusafisha, iwe diski, mashine ya kugawa mzigo au kanuni ya DNS, na umethibitisha kimeondoka. Ukifuta kabla ya hapo, rekodi inatoweka na kitu chenyewe kinabaki huko nje kikiendelea kulipiwa, bila jina lolote kwenye klasta la kukufikisha kwake.

Tuma hapa hiyo status.conditions ukiipata, tuitazame pamoja.